Baba yangu, dereva na mwosha wa Magomeni

Umri wa baba yangu hakuna aliyeujua sawasawa. Kitambulisho chake cha taifa kiliandikwa 1936, ila mwaka huo aliutaja mwenyewe siku ya kujiandikisha, kwa kuwa klabu ya Simba ilianzishwa 1936 na yeye aliona fahari kuwa rika moja nayo. Bibi, aliyemzaa kijijini huko Kisarawe, alikumbuka tu kwamba ilikuwa masika, na mvua ilizidi hata mihogo ikaozea ardhini. Tukifuata kitambulisho, baba ametuacha akiwa na miaka 88, na mingi kati ya hiyo aliishi Magomeni katika nyumba ile ile ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na mwembe uani.

Mtaani walimwita Dereva. Wajukuu na watoto wa jirani walimwita Babu Dereva. Wazee wa msikitini walimjua zaidi kwa kazi yake ya pili, isiyo na mshahara: alikuwa mwosha maiti. Kwa zaidi ya miaka arobaini, mwanaume akifariki katika mitaa yetu, usiku au mchana, kuna mtu alitumwa kuja kugonga dirisha la baba.

Wasifu wake uliosomwa kabla jeneza halijatoka ulikuwa mfupi. Kuzaliwa, kazi, mke, watoto, wajukuu, siku ya kufariki, basi. Maziko hayangoji, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Haya ninayoyaandika hayakuwemo, na nimeona niyaandike kwa sababu ndiyo yaliyonilea. Baba alikuwa na namna ya kumsaidia mtu ambayo ilimwacha mtu yule na heshima yake yote, haijapungua hata kidogo. Sijakutana na wengi waliojaliwa hivyo. Ila mimi naamini ni ujuzi, tena unafundishika, maana nilimwona akiufanyia kazi maisha yake yote.

Aliingia mjini mwaka 1957, juu ya lori la mkaa lililopitia Pugu. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu takriban 130,000 katika Dar es Salaam nzima. Ile ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji huu ulikua yeye akiutazama kutoka kwenye basi, ndiyo maana akisimulia historia alisimulia vituo. Hapa ndipo lami ilipoishia. Pale palikuwa na minazi mitupu, abiria wa mwisho alishuka na jogoo wake kwapani. Alianza kama utingo katika kampuni ya mabasi ya DMT, akiosha magari usiku na kupakia mizigo, baadaye akawa kondakta, kisha akapata leseni. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 alikuwa kazini. Walikuwa wakipeleka watu Uwanja wa Taifa wa wakati ule, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru, kwenda kuona bendera ya Mwingereza ikishushwa. Alituambia mara nyingi kwamba usiku ule nauli hazikukusanywa vizuri kwa sababu kondakta mwenyewe alikuwa akilia.

UDA, shirika la usafiri wa Dar es Salaam, lilipoundwa 1974, baba alihamia huko pamoja na madereva wenzake. Huko ndiko alikoendesha yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati, watu wakiyaita kumbakumba. Aliyasifu mpaka uzeeni. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu: mabasi machache, vipuri hakuna, abiria wananing'inia mlangoni. Serikali ilipoanza kuruhusu daladala za watu binafsi mwaka 1983, baadhi ya wenzake walinung'unika. Baba alisema, "Watu wafike," akaendelea na kazi yake.

Katika basi lile kulikuwa na mama mmoja aliyepanda kila alfajiri na beseni la maandazi kwenda kuuza mjini. Habari hii sikuipata kwa baba. Nilisimuliwa na binti wa mama huyo, sasa naye ni bibi, tukiwa tumekaa kwenye mkeka siku ya msiba. Mama yake kuna siku alipanda hana kitu, mauzo ya jana yameishia kwenye dawa ya mtoto, na kondakta anakuja. Kumbe baba alishamwona kwenye kioo jinsi alivyokuwa akifungua na kufunga pindo la kanga. Akamwita kwa sauti ya kusikika na basi zima: "Mama maandazi! Ile chenji yako ya jana tuliyokosa kukupa, hii hapa." Akanyoosha mkono nyuma, akampa kondakta sarafu za kutosha nauli na za kununulia unga. Hakukuwa na chenji yoyote ya jana. Mama yule alilijua hilo, baba alilijua, na abiria wote waliona shirika limelipa deni lake.

Nilipoisikia habari hiyo nilishika mkono wa yule dada nikashindwa kusema, kwa sababu niliitambua. Ndivyo alivyokuwa. Kila alipotoa, alifanya ionekane analipa.

Miaka ya mwanzo ya themanini ilikuwa mibaya kwa kila mtu aliyeishi mjini, nayo nitaipita haraka kwa kuwa wengi wameshaisimulia. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha nchi. Tulipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya kanga. Tulifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ambao watu waliuita unga wa Yanga, na baba, Simba wa damu, aliula kimya kimya akimshukuru Mungu. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa usiku kwa hofu. Waliokuja kuuliza nani anaficha magunia mtaani kwetu, baba aliwajibu kwamba yeye mchana kutwa yuko kwenye usukani, mtaani hayupo. Hapo mpaka leo roho yangu haijatulia. Aliyekuwa na sukari kweli alikuwepo, na sisi tulikunywa chai kwa chumvi. Lakini baba hakuwa mtu wa kumtaja mwenzake, hata pale ambapo kumtaja kungemnufaisha yeye.

Kazi ya kuosha alifundishwa na mzee mmoja wa msikitini, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati ambalo sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Ndani mlikuwa na mkasi, pamba, kipande cha sabuni, vitambaa vilivyofuliwa na kukunjwa, kichupa cha karafuu maiti, na baadaye glovu. Majani ya mkunazi hakuyaweka. Aliyachuma mabichi kila yalipohitajika. Akirudi kutoka kazini usiku na kukuta mtu anamngoja barazani, hakukaa. Alibadili nguo, akachukua sanduku, akaenda, na alfajiri yake alikuwa kwenye basi.

Mimi ni mwanamke, sikuwahi kuingia nyuma ya pazia lile. Ninayoyajua nimeyapata kwa kaka yangu mkubwa, aliyefundishwa na baba tangu ujana. Anasema baba alianza kwa kuwatoa nje wasiohitajika, hata wawe ndugu. Alihakikisha maji ni ya uvuguvugu kwa kuyamwagia mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Nguo ya kumfunika marehemu kuanzia kitovuni hadi magotini haikuondoka wakati wowote. Waliosha chini yake kwa mkono uliovikwa kitambaa. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, hesabu ya witiri, yaani isiyogawika kwa mbili, mara ya mwisho maji yenye karafuu maiti. Na alizungumza na yule aliyelala pale. "Uwie radhi mzee wangu, sasa nakugeuza." Akiwa ni kijana: "Samahani mwanangu, vumilia kidogo." Kaka anasema mara ya kwanza alishtuka, halafu akazoea, na sasa naye huzungumza nao hivyo hivyo.

Wakitoka, watu huuliza. Ndivyo binadamu tulivyo, tunataka kujua marehemu alikuwaje, uso wake ulikuwaje, alikuwa na alama gani. Dini inamkataza mwosha kusimulia aibu aliyoiona, na baba alilichukua katazo hilo kwa uzito wake wote. Jibu lake lilikuwa moja kwa tajiri na kwa mlevi aliyeokotwa mtaroni: "Alikuwa msafi."

Jibu hilo lilijaribiwa sana katika miaka ya tisini. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004; kabla ya hapo tulizika vijana mfululizo, na ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina. Watu walisema fulani amekanyaga miwaya, au ana mdudu. Kuna familia ambazo hazikutaka hata kumshika mtoto wao. Nakumbuka kijana mmoja wa mtaa wa pili aliyerudishwa kutoka mikoani amebaki mifupa. Alipofariki, waosha wawili walituma salamu kwamba wanaumwa. Baba akamwambia kaka avae, wakaenda wawili tu. Aliporudi alifua vitambaa vyake kwa maji ya dawa, akaoga, akaenda barazani kunywa kahawa na wenzake.

Hapo ndipo ilipoanza habari ya kikombe. Vile vikombe vidogo vya kahawa huzunguka: mmoja akimaliza, muuza kahawa anakisuuza kwenye kopo lake la maji, anampa mwingine. Baada ya msiba ule baba aliona kikombe alichonywea yeye hakipokelewi. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja angesema leo kahawa inamletea kiungulia, mwingine angejidai ameshakunywa. Kesho yake baba alitoka na kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani, cha udongo, chenye mchoro wa buluu, akamwambia muuza kahawa kwamba daktari amemshauri atumie kikombe kikubwa zaidi. Kikombe chenyewe kilikuwa sawa na vile vingine. Aliwaondolea wenzake taabu ya kutafuta uongo, akaubeba yeye. Alikitumia muda mrefu, mpaka siku moja rafiki yake wa bao alikichukua mkononi mwake kikiwa bado kimebaki nusu, akainywa ile kahawa mbele ya watu wote.

Siasa za vyama vingi ziliporudi, na kuelekea uchaguzi wa 1995, kila nyumba ilikuwa ikipandisha bendera. Walimfuata kutoka pande zote, maana alikuwa na watu. Aliwakaribisha wote, akawapa chai, na bendera hakupandisha. Alisema mwosha akiwa na upande, kuna nyumba zitaona haya kumwita.

Sasa nifike kwangu. Niliolewa Tanga nikiwa kijana, na ndoa ile haikudumu. Sitaeleza kwa nini, aliyehusika ana watoto wake wanaosoma. Nilirudi Dar es Salaam na basi la mchana, watoto wawili wadogo na sanduku moja, nikashuka Kisutu, nikachukua daladala mpaka Magomeni. Njia nzima nilikuwa nawaza baraza. Mnaoijua Magomeni mnajua: saa kumi na moja jioni wazee wako barazani wanacheza bao, wanawake wako milangoni, vijana kwenye kona, na mwanamke aliyeolewa mbali akitokea na sanduku na watoto, habari zake zimeshafika mtaa wa tatu kabla hajavua viatu. Sikuwa nimetuma taarifa. Simu hatukuwa nayo nyumbani.

Baba aliniona kabla sijafika. Akaacha kete mkononi, akasimama. Yeye huniita Mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Akasema kwa sauti ya dereva wa kumbakumba, mtaa mzima ukasikia: "Mama, mbona umechelewa hivyo? Nimekwambia uje tangu wiki iliyopita, mama yako magoti yanamsumbua, nani atamwangalia?" Akaja, akanipokea sanduku, akambeba mdogo, akawaambia wenzake, "Jamani, binti yangu huyo, nimemwita aje anisaidie."

Nilipoingia ndani nilimkuta mama jikoni akisonga ugali amesimama wima, mzima kabisa. Alinitazama, akasikia maneno ya mumewe kutoka nje, akaacha mwiko. Dakika chache baadaye, jirani wa kwanza alipobisha hodi kuja kutazama, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Aliendelea kuchechemea mpaka Ramadhani ilipoandama.

Usiku ule baba aliniuliza kama tumekula. Siku iliyofuata aliuliza umri wa mtoto mkubwa ili aulizie nafasi shuleni. Swali la nini kilitokea hakuniuliza kamwe, mpaka amekufa. Nilikuja kumweleza mwenyewe baada ya miaka, tukiwa tunachambua mchele, naye alisikiliza, akaguna, akasema, "Mungu amekulipa watoto wazuri." Kwa wale wazee wa barazani nilibaki kuwa binti mwema aliyeacha vyote kuja kumwuguza mama yake. Niliweza kutembea mtaani kichwa juu, nikarudi chuoni, nikawa mwalimu. Nasema bila kusita kwamba kama jioni ile baba angekaa kimya tu, hata kwa upole, mambo yangekuwa mengine.

Ninafundisha shule ya msingi. Kila mwaka ninao watoto wasio na daftari, wasio na kalamu, wenye sare iliyochanika mgongoni. Nimeona walimu wenzangu, tena wenye huruma, wakimsimamisha mtoto mbele ya darasa na kumkabidhi msaada huku wenzake wakipiga makofi. Yule mtoto hukaa chini ameinamisha kichwa. Mimi humwita mtoto wangu mezani nikamwambia, "Chukua ile kalamu yako uliyoniazima." Wanaelewa haraka sana. Wengine hunijibu, "Sawa mwalimu, nilikuwa nimeshasahau."

Baba alistaafu, akabaki na bao, msikiti na sanduku lake la bati. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kupita Barabara ya Morogoro, alikaa na hamu nayo kwa siku kadhaa, ila hakusema. Nikampeleka. Tulikata tiketi za shilingi 650 kituo cha Magomeni Mapipa, tukaingia kwenye basi refu lenye kiungo katikati, akagusa pale penye mkunjo kwa kiganja chake akasema, "Ikarus huyu, amevaa kanzu mpya." Hakukaa na mimi. Alikwenda kusimama nyuma ya dereva, mkono kwenye bomba, kijana mmoja akamwamkia na kumwachia kiti, akakataa. Tulipopita bonde la Jangwani nilimwona mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haipo, kabla dereva mwenyewe hajakanyaga yake. Kivukoni alingoja abiria wote washuke, kisha akamwambia yule dereva, "Umetufikisha salama, mwanangu. Ahsante." Dereva akatoa kofia. Nafikiri hakuna aliyekuwa amemshukuru wiki nzima.

Kisukari kilimla taratibu. Alifariki alfajiri, nyumbani, mama akiwa pembeni yake na kaka akimsomea shahada. Mpaka saa mbili turubai lilikuwa limefungwa, majirani wameleta masufuria, mikeka imetandikwa, na wanawake wameshaanza kuchagua mchele bila mtu kupanga zamu. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu alisema mwosha huoshwa, na wengine wakaitikia. Waliomwosha walikuwa kaka na vijana watatu aliowafundisha yeye. Niliwasikia nyuma ya pazia, "Uwie radhi baba, sasa tunakugeuza."

Kuna kijana wa ukoo alijipenyeza na simu, akaiinua juu ya pazia. Kaka alitoka, akaichukua, akairudisha baada ya maziko. Hili naomba niliseme wazi kwa sababu linaniuma: siku hizi maiti haijapoa, picha yake imesharushwa kwenye WhatsApp, mdomo wazi, mirija puani. Wanaofanya hivyo husema ni kuwapa taarifa walio mbali. Walio mbali wanahitaji kujua kwamba mtu wao amefariki na saa ya maziko. Yaliyobaki ni ya waosha wake.

Jeneza lilipotoka, mzee mmoja wa Kinyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, alijilaza chini mlangoni akidai hatoki mtu hapo mpaka alipwe, kwani marehemu alimwahidi ubingwa wa Simba na hakutimiza. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Alipewa noti ya elfu tano, akainuka, akalishika jeneza upande wa mbele na hakuliachia mpaka makaburini Kisutu. Hayo ya huko nimesimuliwa na kaka.

Huko makaburini, baada ya kuzika, kaka alitangaza kama ilivyo desturi: aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze aonane na familia, na aliyekuwa akidaiwa, ajue familia ipo. Madai tuliyapata machache. Muuza kahawa alikuwa na deni la vikombe vya mwezi, tukamlipa. Kisha, siku mbili baada ya kuanua tanga, akaja mzee mmoja fundi seremala, aliyewahi kuishi jirani nasi na kuhamia Mbagala. Alikuja na bahasha.

Alikaa barazani, akakataa kula kwanza. Akasema katikati ya miaka ya themanini, ada za sekondari zilikuwa zimerudishwa, mtoto wake wa kwanza alichaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni. Ada, godoro, sanduku, nauli, yeye hana hata robo. Hakumwambia mtu. Jioni moja baba akamfuata karakana, akamwambia kwamba nafsi yake haina raha, kwa sababu kile kitanda cha ndoa alichomtengenezea zamani alimpunja bei, na sasa amepata kidogo anataka kumlipa iliyobaki. Akahesabu fedha, akaziweka juu ya benchi la kazi, akaondoka. "Mwanangu," mzee akaniambia, "kitanda kile baba yako alinilipa mpaka senti ya mwisho, mbele ya marehemu baba yangu. Nilikijua anachokifanya, nikanyamaza, maana mtoto alikuwa lazima aende. Leo ni mhandisi. Amenituma nilete hizi."

Mama alikuwa ndani, kwenye eda, haonani na wanaume wasio ndugu. Nikaingia kumweleza. Alikuwa amekaa kwenye kitanda hicho hicho tunachokizungumzia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kanga yake, akaniambia: "Rudi umwambie kwamba baba yako alimpunja kweli. Mimi nilikuwepo siku ya mapatano, namkumbuka alivyombana bei. Deni lilikuwa lake na alilipa. Fedha yao hatuwezi kuipokea."

Nilitoka nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Mzee aliinamia bahasha yake, akasema, "Msalimie mama yako." Kisha akaniuliza kama akitaka kuiacha msikitini patakuwa na ubaya, nikaingia tena ndani kuuliza, mama akajibu kwamba msikitini mwetu sanda zilizokuwa zimewekwa akiba zimeisha, wanaume wanahitaji vipande vitatu na wanawake vitano, na watu wa mtaani hawana. Ijumaa iliyofuata majora mawili ya bafta yalikuwa kabatini kwa imamu, na kaka alikuwa ameshakata sanda ya kwanza.